Kansanga au Najjera? Maneno niliyosema Jumapili mbele ya wanachama wetu

Wengi mmeniomba niandike yale niliyosema Jumapili juu ya kupanga na kujenga nyumba Kansanga, ndani ya Kampala, na Najjera, pembeni yake, kwa sababu maiki ilikuwa inakatika na waliokaa nyuma walisikia nusu. Kijana mmoja alirekodi kwa simu, nimeandika kutoka pale, nimetoa tu pale nilipokohoa na pale tulipogombana kidogo juu ya chai.

Shikamooni wazee. Jambo sana ndugu zangu wa Kivu na Ituri, asalaam aleikum Wanubi wetu wa Bombo, na nyinyi wa Busia mliotoka usiku karibuni. Mimi nafurahi tukikaa Kampala tunaongea Kiswahili bila mtu kugeuka kuangalia kama tumebeba bunduki, maana mnajua zamani hapa Kiswahili kilihesabiwa lugha ya askari na majambazi, ukisema "lete" mtu anatoa saa mkononi kabla hujamaliza sentensi. Sasa baraza la mawaziri mwaka 2022 likasema Kiswahili kifundishwe shuleni lazima, basi hata watoto wa jirani wananiamkia vizuri. Haya.

Nimeombwa niongee juu ya nyumba. Swali lenyewe nalisikia kila wiki, mzee nipange wapi, Kansanga au Najjera, na mwingine ana kiinua mgongo chake anauliza nijenge wapi. Mnaniuliza mimi kwa sababu nilikuwa broka, yaani dalali wa nyumba, miaka tisa kwenye barabara ya Ggaba, kuanzia Kabalagala mpaka Bunga, na sasa sina ubroka tena, nina vyumba vinne vya kupangisha kule Najjera. Waganda chumba kama hicho wanakiita muzigo, vikiwa vingi ni mizigo, na sisi kwa Kiswahili mzigo ni kitu cha kubeba kichwani. Ukishakuwa na mizigo minne kama mimi utaona lugha zote mbili zimesema kweli.

Watu wakilinganisha hizi sehemu mbili wanalinganisha bei. Chumba na sebule huku ni ngapi, kule ni ngapi, tofauti hii hapa, wanahama. Mimi nilifanya hivyohivyo miaka yote nikiwa broka na nilikuwa napotosha watu, wengine bila kujua na wengine, Mungu anisamehe, nikijua. Bei ya leo inakwambia kitu kidogo sana. Unatakiwa kuuliza ni nani anasubiri hiyo nyumba ukitoka wewe. Huyo mtu ambaye hujamuona ndiye anayeweka bei, na mtu wa Kansanga na mtu wa Najjera hawafanani hata kidogo.

Chukua Kansanga. Iko ndani ya Kampala kabisa, divisheni ya Makindye, ukipanda unakuta Muyenga na matajiri wake na lile tangi la maji, ukishuka upande wa pili ni Kabalagala ambako hakulali. Pale katikati kuna chuo kikuu cha KIU tangu 2001, na chuo kikija kinakuja na hosteli, na hosteli inakuja na chapati za mayai, saluni, duka la kufotokopi, boda hamsini kwenye steji moja. Halafu kuna wageni. Waeritrea na Waethiopia wamejaa, ukipita asubuhi unasikia harufu ya kahawa inakaangwa, Wasomali wapo, nyinyi Wakongomani mpo, na watu wa Sudan Kusini walikuja wengi baada ya vita vya Desemba 2013 kuanza Juba, halafu tena Julai 2016. Nilikuwa kazini miaka hiyo yote miwili. Mwenye nyumba ambaye wiki iliyopita alikuwa ananibembeleza nimtafutie mpangaji, wiki hiyo ananiambia, mwambie alipe kwa dola na miezi sita. Nyumba ileile, choo kilekile kinachovuja! Hakuna alichojenga wala kupaka rangi, watu walipigana huko mbali na bei ikapanda hapa.

Ndio nikajifunza kwamba soko la Kansanga linasikiliza redio. Vita, mwaka wa masomo, viza ya mtu kwenda Canada, hivyo ndivyo vinavyopanga bei. Mpangaji wa Kansanga mara nyingi yuko njiani, mwanafunzi atamaliza, mkimbizi anasubiri ndege au anasubiri amani, na kwa mwenye nyumba hiyo ni nzuri sana kwa sababu kila mtu akitoka anapata nafasi ya kupandisha. Lakini mkumbuke Machi 2020. Vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona, wanafunzi wakabeba magodoro, na shule za nchi hii hazikufunguka zote mpaka Januari 2022. Hosteli zikabaki na panya. Najua mwenye hosteli mmoja alikuwa anakuja jioni anakaa kwenye ngazi anaangalia tu milango, mtu mzima kabisa, alikuwa na mkopo. Wote waliondoka kwa wakati mmoja kwa sababu wote walikuwa mtu wa aina moja. Hiyo ndio hatari ya Kansanga, na haionekani ukienda kuangalia nyumba siku ya Jumamosi kila kitu kimejaa na muziki unalia.

Sasa twende Najjera. Wengine mnadhani Najjera ni Kampala. Sio Kampala! Ni manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso, ndio maana ukienda kulalamika barabara kwa watu wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, wanakuangalia hivi. Ni mbali na mjini karibu mara mbili ya Kansanga, unapita Ntinda na Kiwatule, au unazunguka Kisaasi na Kyanja ukikimbia jam halafu unakuta jam imekutangulia. Wazee wanaokumbuka watakwambia pale palikuwa matoke na mihogo. Kilichogeuza zaidi ni ile barabara ya mzunguko ya kaskazini, Northern Bypass, ilifunguliwa 2009 ikiwa nyembamba, wakaimaliza kuipanua 2021. Mtu wa benki, mtu wa NGO, mwalimu wa sekondari mwenye gari la kwanza la mkopo, akagundua anaweza kulala Najjera na kufika kazini. Sensa ya 2014 ikahesabu Kira watu 317,157, wakati Kampala nzima ilikuwa milioni 1 na nusu. Yaani kijiji kilishageuka mji, ila mifereji ya maji machafu haijapata habari.

Mpangaji wa Najjera ana mshahara wa mwisho wa mwezi na watoto wawili na shule amechagua. Hahami ovyo. Mimi mpangaji wangu mmoja ana miaka mitano, hajawahi kuchelewa zaidi ya wiki, na siwezi kumpandishia hela ya maana kwa sababu akitoka tu nje ya geti langu anaona vibao vitatu vya nyumba za kupanga. Ndio hatari ya Najjera hiyo. Kansanga ardhi imekwisha, kule kwetu kila mtu anajenga, na wanajenga kitu kilekile, ghorofa mbili au tatu, vyumba viwili vya kulala, balkoni yenye vyuma vya kung'aa, vigae vya rangi ya maziwa. Vijana wa kazini wanataka hivyo basi wote tunawapa hivyo, mpaka vinabaki wazi. Kansanga unaogopa wateja kuondoka siku moja, Najjera unaogopa jirani yako akianza kuchimba msingi.

Nitawapa hesabu moja hapa, na mnisikilize kwa sababu hii ndio imewamaliza watu wa kiinua mgongo. Tuseme, nasema tuseme, umejenga kwa shilingi za Uganda milioni 200 pamoja na ploti, umepata nyumba nne, kila moja unapangisha 600,000 kwa mwezi. Ni milioni 2 na laki 4 kwa mwezi, kwa mwaka milioni 28 na laki 8. Umefurahi. Sasa kama hiyo milioni 200 ulikopa benki kwa riba ya asilimia 17, riba peke yake mwaka wa kwanza ni milioni 34. Umeona? Wapangaji wote wanne wakilipa bila kukosa siku, bado unadaiwa zaidi ya milioni 5 kila mwaka na mkopo wenyewe haujapungua hata shilingi. Kwa hiyo mkiona Najjera na Buwaate nyumba zimesimama miaka na miaka na nondo zimechomoza juu kama nywele za mtu aliyeshtuka, msicheke, huyo sio mjinga. Huyo anajenga kwa pesa ya mfukoni, akipata anaweka matofali, akikosa anaacha mvua inyeshe, kwa sababu amejua benki haijengi nyumba ya kupangisha, inajenga nyumba ya benki.

Na URA, watu wa mapato ya serikali, hawajaingia bado. Mtu binafsi anayepangisha, tangu Julai 2022 anatoa asilimia 12 ya kodi yote ya nyumba anayopokea kwa mwaka ikishapita 2,820,000, na hawakuulizi umetengeneza bomba mara ngapi. Kwa ile milioni 28 na laki 8 inatoka 3,117,600. Kuna mzee hapa mbele ananitazama kama mimi ndio nilitunga hiyo sheria. Sikutunga mzee.

(Hapa watu walicheka sana, kwenye rekodi hakusikiki kitu kwa muda.)

Mtu mwingine aliniambia mzee wewe unaongea tu, takwimu zipo. Ni kweli zipo, ofisi ya takwimu, UBOS, inatoa kila robo mwaka hesabu ya bei za nyumba za Kampala na pembeni yake. Lakini angalieni wanavyogawa. Kansanga imo kwenye fungu la Kampala ya kati pamoja na Makindye, yaani ghorofa za Kololo za mabalozi na hosteli zetu za Kansanga ziko sufuria moja. Najjera iko fungu la Wakiso, na Wakiso mnaijua, imezunguka Kampala karibu pande zote mpaka Entebbe ziwani. Ukisoma Wakiso imepanda asilimia kadhaa, nani amepanda, Najjera au Kajjansi? Msizitupe hizo namba, ila msiende kununua nyumba kwa namba ya wilaya nzima.

Nirudi kwa wapangaji, maana wengi humu ndani tunapanga.

Ndugu zangu wa Kongo, kuna jambo moja limewagombanisha na wenye nyumba nimelishuhudia mara nyingi, ni ile garanti. Bukavu au Goma unaweka garanti miezi kadhaa, inakaa kwa mwenye nyumba, siku unahama mnahesabiana anakurudishia. Hapa Kampala ukiambiwa lipa miezi mitatu, hiyo ni kodi yenyewe, inaliwa, mwezi wa nne unaanza kulipa tena. Baba mmoja Kansanga alilipa miezi mitatu akidhani ni garanti, mwezi wa nne akadaiwa kodi akasema mtoe kwenye garanti yangu, mwenye nyumba akasema garanti gani, wakafika mpaka kwa mwenyekiti wa LC, yaani serikali ya mtaa, na mimi broka nikaitwa kama shahidi. Kosa lilikuwa langu, sikuwaelewesha, nilikuwa nataka tu hela yangu ya ubroka, ya mwezi mmoja, niende. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa uliza wazi, hii ni kodi ya mbele au ni ya kuweka, na iandikwe hivyohivyo kwenye karatasi.

Na karatasi siku hizi ni sheria. Ile sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inasema mkataba wenye thamani ya kuanzia 500,000 uwe wa maandishi, mwenye nyumba asipandishe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na kukutoa kwa nguvu ni mpaka mahakama iseme, sio kung'oa mlango au kuja na vijana usiku. Je inafuatwa? Najjera naona inafuatwa kidogo kwa sababu wapangaji wanasoma na wanajuana na mawakili. Kansanga, mgeni ambaye karatasi zake za ukimbizi ziko ofisini zinashughulikiwa, nani ataenda kumshtaki mwenye nyumba? Anahama kimya. Hiyo nayo imo ndani ya bei mnayoiona, woga wa mpangaji una thamani yake na anaichukua mwingine.

Sasa wanaotaka kununua. Hapa ningekuwa na siku nzima lakini naona akina mama jikoni wananionyesha sufuria. Nyumba iko juu ya ardhi, na ardhi ya Buganda ina watu wawili juu yake. Mwaka 1900 Waingereza na wakubwa wa Buganda waligawana ardhi kwa maili za mraba, ndio hiyo mailo, mwenye hati ni mmoja. Lakini aliyekaa pale analima miaka yote na babu zake ana kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima pale bila hati, na kibanja kinalindwa na sheria ya ardhi ya 1998, anachodaiwa ni busuulu tu, kodi ya ardhi ya kila mwaka kwa mwenye hati. Kwa hiyo ukinunua kibanja hujanunua hati, na ukinunua hati ukamkuta mwenye kibanja juu yake hujanunua nafasi ya kujenga, inabidi mwelewane. Broka atakuonyesha karatasi yenye mihuri ya LC mitatu inang'aa, hiyo ni mauziano ya kibanja, sio hati. Nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi, Kansanga ni ofisi ya Kampala na Najjera ni ofisi ya Wakiso, usipeleke namba za Wakiso Kampala ukarudi unasema ploti haipo. Halafu nenda kwa majirani bila broka, jioni, na soda. Majirani wanajua vitu ambavyo kompyuta ya serikali haijui, nani ni mjane wa pili, mtoto gani yuko London hajasaini.

Kule kwetu wanakata eka moja ploti nane, futi 50 kwa 100, wanakwambia kila moja desimali 12 na nusu, desimali ni sehemu moja ya mia ya eka. Piga hesabu mwenyewe, futi 50 kwa 100 ni kama desimali 11 na nusu, iliyobaki ndio barabara ya kuingilia, na kama wamekupa kweli 12 na nusu zote basi barabara ya kuingilia haipo. Njooni Najjera 2 wakati wa mvua muone gari la taka linavyorudi kinyumenyume. Na mkiambiwa ploti ya bei poa iko chini kwenye majani mabichi hata kiangazi, hiyo ni chepechepe, NEMA, watu wa mazingira wa serikali, watakuja, waulizeni watu wa Lubigi waliobomolewa 2024.

Kwa ndugu zetu wasio raia, tafadhali. Mgeni haruhusiwi kumiliki mailo wala friholdi, yaani ardhi ya kuwa yako moja kwa moja, hapa Uganda, anapata lizi, yaani kukodishiwa ardhi kwa muda, mwisho miaka 99. Nimeona watu wanaandikisha ardhi kwa jina la shemeji Mganda. Shemeji ni mzuri mpaka siku ya msiba. Fanya lizi, iandikishwe, hata kama wakili anakula hela.

Basi mzee, umeongea, ni wapi? Mtu alinipigia kelele hivyo kutoka nyuma. Mimi mwenyewe nimejenga Najjera na ningekuwa kijana sina mke ningepanga Kansanga, kwa sababu pale unajuana na dunia nzima kabla ya saa nne asubuhi na ukikosa kazi unaipata kwenye steji ya boda. Kujenga kule Kansanga ningeogopa, bei ya ardhi imeshakula faida ya miaka mingi ijayo, labda uwe umerithi. Wenye urithi Kansanga, msiuze haraka.

Kukawa na maswali, nitaandika moja tu kwa sababu mengine yalikuwa kesi za watu.

Mama mmoja, fundi cherehani, anapanga Kansanga miaka minane, akauliza, mzee, nikihamia Najjera nitapunguza kodi 150,000 kwa mwezi na nitapata chumba kikubwa, nihame? Nikamuuliza wateja wako wako wapi mama. Akasema hapahapa Kansanga na Kabalagala, wanawake wa Kikongo na wa Sudan wanaoshonesha vitenge. Nikamwambia basi tuhesabu pamoja, taksi za watu 14, kutoka Najjera mpaka mjini moja, mjini mpaka Kansanga ya pili, jioni mbili tena, tuseme 2,500 kila moja kwa wastani, siku ya mvua zaidi. Ni 10,000 kwa siku. Siku 26 za kazi ni 260,000.

Akahesabu tena kwa vidole vyake, polepole, ukumbi mzima ukinyamaza. Halafu akasema, basi nabaki, ila wewe mzee unamjua mwenye nyumba wangu, mwambie apake rangi.

Nikamwambia hiyo ya rangi utamwambia mwenyewe mama, mimi ubroka niliacha.